Siku Niliyowaachia Kibao Wale Wifi Wawili

Mkono wangu wa kulia ulianza kuuma msimu ule tulipokuwa tunachora ramani za mashamba ya vijiji vya Butiama. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta, kufuata mipaka ya shamba juu ya picha iliyopigwa kutoka angani na kubofya kila kona. Kutwa nzima kiganja kimekumbatia mausi. Nikirudi nyumbani Bweri jioni nashindwa hata kusonga ugali. Mume wangu akawa anasonga yeye, mabonge matupu, na tunakula hivyo hivyo.

Jumapili moja nilikwenda Bunda kumtembelea dada yangu. Alifungua kabati akatoa kibao bapa, cheupe, laini kama kigae.

"Chukua," akasema. "Walinipa kazini, mimi kimenishinda. Ni mausi hiyo, ila haitembei. Vidole ndiyo vinatembea."

Hakina waya. Kidole kimoja kinasogeza mshale, viwili vinasogeza ramani nzima, na ukivibana au kuvitanua, picha inapungua au inakua. Siku tatu za kwanza nilitamani kukirudisha Bunda. Nikigusa kwa bahati mbaya, shamba la mtu linaruka, najikuta katikati ya ziwa. Mwenzangu wa meza ya pili akawa ananiuliza, "Leo umevua nini, sato au sangara?" Siku ya nne vidole vikaelewa. Wiki chache baadaye mkono ukapoa.

Lakini kukipenda hasa, nilikipenda kwenye kikao cha kijiji kimoja. Tulikuwa darasani, ramani inaonekana ukutani kwa projekta, kila mwenye shamba anaitwa aangalie mipaka yake na kukubali. Ikafika zamu ya mama wawili waliokaa ncha mbili za benchi moja. Mmoja alikuwa mjane. Mwingine, dada wa marehemu mumewe. Mashamba yao yamepakana, katikati ipo njia ya ng'ombe ya kwenda kunywesha. Walikuwa hawasemeshani tangu zamani.

"Ameilima njia," alisema mjane bila kumtazama mwenzake. "Ng'ombe wanapitaga wapi sasa?"

"Aliyeilima ni yeye," wifi akajibu, macho ukutani. "Mimi shamba langu liko pale pale baba aliponigawia."

Nikasogeza picha kushoto, nikaambiwa nimepitiliza. Nikairudisha, nikaambiwa siyo hapo. Mwenyekiti wa kijiji akashika kichwa. Mwishowe mjane akasema, "Binti, hicho kitu unachopapasa, hebu niletee nipapase mwenyewe."

Ingekuwa mausi ile yangu ya zamani, na waya wake, ningekataa. Kibao nilikiinua tu, nikaenda kumwekea mapajani juu ya kanga.

"Vidole viwili, mama, kama unachukua chumvi."

Alifuta vidole, akabana kwa nguvu zake zote. Mashamba yakanywea, kijiji kikapotea, ziwa likaingia zima, mara Tanzania yote ikawa ukutani. Darasa likaangua kicheko.

"Umetuhamisha!" mwenyekiti akapiga kelele.

"Tanua, tanua!" Alikuwa wifi, amesogea hadi katikati ya benchi. "Unabana kama unakamua ng'ombe."

"Wewe ndiyo unajua?"

"Lete nikuonyeshe."

Kibao kikakaa nusu kwenye mapaja ya huyu, nusu ya yule. Mmoja anasogeza, mwingine anakuza. Wakatupitisha ziwani, wakaingia Musoma, wakafuata barabara hadi bati la kanisa, wakafika kwao.

"Picha ya lini hii?" mjane akauliza.

"Ya miaka kadhaa nyuma, mama."

"Ndiyo maana. Tazama, mwarobaini wa kaka yako bado umesimama."

Aliacha vidole vimetulia juu ya kibao. Hakuna aliyemharakisha, hata wifi yake. Kisha wifi akaivuta picha polepole, na njia ikatokea, mstari mpana mweupe katikati ya mashamba. Juu yake palikuwa na mistari ya njano niliyoichora mimi baada ya wenzangu kupima mashamba yalivyo sasa. Mmoja uliingia njiani kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto.

Wakatazamana.

"Wifi," alisema mjane, "njia tumeila wote."

"Wote wawili! Mimi nimepanda mihogo humo."

"Na mimi mtama."

Wakacheka mpaka wakafutana machozi kwa ncha ya kanga moja. Wakakubaliana pale pale kwamba wakishavuna kila mmoja atarudi nyuma, njia iwe kama ilivyo pichani. Mwenyekiti akawashika mikono, watu wakapiga vigelegele.

Nikanyoosha mkono nichukue kibao ili nichore mstari mpya. Wifi akakikumbatia.

"Subiri kwanza, mwanangu. Nataka kwenda Kiriba kumwona binti yangu."

Wakaenda Kiriba. Wakazunguka juu ya mabati wakibishana lipi ni la huyo binti. Waliokuwa kwenye foleni hawakulalamika; walisogeza mabenchi karibu, kila mtu akiwa na mahali pake pa kwenda. Kikao cha kwisha saa nane kiliisha saa kumi na moja, na kibao kiliporudi mikononi mwangu kilikuwa kimejaa alama za vidole na kinanukia maziwa.