Mji mkuu umehama, mama hakuambiwa

Leo mama amebishana na kazi ya shule ya mjukuu wake.

Tulikuwa jikoni hapa kijijini Rugu, tunamenya ndizi. Mwanangu akauliza, "Bibi, mji mkuu wa Burundi ni upi?"

Anamuuliza mtu aliyezaliwa huko!

"Bujumbura," mama akajibu bila kuinua macho.

"Hapana, Bibi. Siku hizi ni Gitega."

Jamani, miaka ya tisini mama ndiye aliyenifundisha hiyo Bujumbura, tukichuma kahawa.

Mama akacheka sana. Halafu akaiweka chini ndizi yake.

"Mji umehama juzi tu, na hakuna anayeuuliza umetoka wapi. Mimi niko hapa tangu sabini na nane, na hadi leo sokoni naulizwa kwetu ni wapi."

Nimeendelea kumenya.

Nyie mngemjibu nini?