Jozi Sitini na Moja

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusuka vikapu vya kiondo pale Kikima alikuwa mke wa mzee wa kanisa, na hakuna aliyempinga. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilibuni urembo wa vichwa vya mishale, rangi nyeusi na ya udongo. Kila mshale ulichukua jozi sita za nyuzi za mkonge, na kiondo changu kilikuwa na jozi arobaini na nane, kwa hiyo mishale minane ilizunguka na kukutana bila pengo.

Mwezi uliofuata afisa wa maendeleo ya akina mama alitoka Kitui kututembelea. Mwenyekiti alimwonyesha kiondo kile na kusema urembo ni wake. Afisa alikuwa akitafuta mwalimu wa kwenda kufundisha wanawake wa Kitui mwezi mzima, akamwambia alete kingine kikubwa zaidi kwenye maonyesho ya Kitui.

Nilimfuata mwenyekiti nyuma ya kanisa. "Mwaitu, ule ni wangu," nilisema. Mwaitu ni mama, na hata siku ile sikumnyima heshima hiyo.

"Wewe umeolewa juzi," alisema. "Kitui utaenda nikishazeeka."

Kikundi kilikuwa na desturi moja: msukaji hahesabu nyuzi zake. Huhesabiwa na mwenzake, kitako cha kiondo kikishaisha na kabla ya kupandisha ukuta, kwa sababu aliyechoka hujipunguzia kazi. Mhesabuji husema ongeza au zinatosha, basi; jumla haitaji. Mimi ndiye niliyekuwa nimefika darasa la saba, kwa hiyo mwenyekiti aliniletea kitako cha kiondo chake kipya.

Nilikuta jozi hamsini na tisa. Moja zaidi ingempa sitini, na sitini inagawika kwa mbili, tatu, nne, tano na sita. Urembo wowote tuliojua ungekaa. Nikaijaribu sitini na moja. Si shufwa. Tarakimu zake zikijumlishwa ni saba, kwa hiyo tatu haiingii. Haiishii na sifuri wala tano. Saba mara nane ni hamsini na sita, mara tisa inapita. Zaidi ya hapo hakuna haja ya kujaribu, maana nane mara nane tayari ni sitini na nne. Ilikuwa nambari tasa, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Ongeza mbili," nilimwambia. Alipoongeza nikasema, "Zinatosha, mwaitu."

Zilibaki siku tisa kabla ya maonyesho. Alisuka mishale ya jozi sita, ikabaki jozi moja. Akafumua, akapunguza mshale ukawa wa tano, ikabaki moja. Wa nne, moja. Wa tatu, moja. Mimi nilikaa mkabala naye nikisokota nyuzi kwenye paja, nikiona vidole vyake vikichubuka, na sijawahi kusokota nyuzi laini kama zile.

"Fundi, mishale yako imekosa shabaha?" mmoja alimtania, wengine wakacheka.

"Ni mkono tu," alijibu. Nambari hakuishuku hata mara moja.

Kitui alikibeba kiondo pengo likielekea tumboni mwake. Afisa alikigeuza.

"Hapa pana nini?"

"Hapo ndipo mwanzo wa urembo."

"Na mwanafunzi akikuuliza jinsi ya kuondoa pengo hili, utamwambiaje?"

Mwenyekiti alipapasa pengo kwa kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, pamoja na wenzetu wote wa Kikima. "Aanze na jozi sitini," nilisema. "Au hamsini na nne, au sitini na sita. Yoyote inayogawika kwa sita. Hiki kina sitini na moja, hakiwezi kukubali urembo wowote."

Mwenyekiti aligeuka polepole. "Ulijua tangu Kikima?"

"Tangu nilipohesabu."

Nilipewa ule mwezi wa kufundisha, na sikuona haya. Niliporudi Kikima nilikuta wanawake wameketi wawili wawili na vitako vya viondo vyao, wakigawa nyuzi kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa sauti. Niliuliza nani nimhesabie. Mwenyekiti hakuinua macho, na wale wengine wakaendelea kugawa.