Mkulima wa Biharamulo nilivyounda kompyuta ya gemu isiyovuma, na kitambaa cha mama mkwe kikataka kuniponza

Wakuu habari za mihangaiko.

Nimekuwa msomaji wa humu miaka mingi, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha. Haya yametokea ndani ya nyumba yangu, siongezi chumvi, na mke wangu anajua naandika. Amesema tu nisimpake matope.

Kwanza nimalizane na wale watakaoingia kunicheka. Mimi ni mkulima. Mahindi na maharage, shamba liko Nyamahanga, nyumba iko Biharamulo mjini. Kumi na mbili asubuhi niko shambani, saa saba mchana nimerudi, nimeoga, nimekula ugali wangu. Kuanzia hapo nawasha kompyuta nacheza gemu la mpira, au naangalia muvi kwenye TV.

Ndiyo, nina ndevu, nina watoto wawili, na nacheza gemu. Nani kasema gemu ni za watu wa ofisini? Mwenye shida na hilo apite, nyuzi ziko nyingi humu.

Haya, twende.

Mke wangu ni nesi. Kuna wiki anaingia zamu za usiku, anarudi asubuhi na kulala mpaka jioni. Na nyumba yetu haina siling'i. Mnaoishi huku mnaelewa: kuta za vyumba zinaishia juu ya lenta, kinachofuata ni mbao na bati. Mtu akipiga chafya sebuleni, wa chumbani anamwambia pole.

Wakati huo nilikuwa na kompyuta ya mtumba niliyochukua kwa fundi mmoja wa hapa mjini, tumwite Deo. Ile kitu ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Mke wangu alivumilia wiki mbili, analala vipande vipande, mimi huku nafunga magoli najiona mjanja.

Siku moja asubuhi akitoka zamu alisinzia juu ya bodaboda. Dereva ndiye aliyemshtukia anaegemea upande, akamkamata mkono na kusimamisha pikipiki. Angechelewa kidogo tu, leo ningekuwa naandika mambo mengine kabisa humu.

Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyenisimulia. Nilijua ni mimi. Siku hiyohiyo nikaibeba ile mashine nikamrudishia Deo, sikutaka hata kujadili.

Mke wangu alidhani yameisha. Hayakuisha. Kwa sababu mimi nilikuwa najiuliza swali moja: kwani lazima kompyuta ivume? Nani aliandika hiyo sheria?

Nikamuuliza Deo. Akacheka mpaka wateja wake wakageuka. "Kaka, kompyuta ya gemu isipovuma ujue haina nguvu. Wewe lima mahindi, haya mambo tuachie."

Hilo neno "tuachie" lilinichoma. Nikasema sawa, tutaona.

Msimu mzima nikawa nasoma. Jioni nikitoka kumwagilia bustani, nasoma. Nikisubiri zamu yangu ya kusaga, nasoma. Humu ndani kuna wadau walinisaidia sana bila kujua wanamsaidia mkulima, nawashukuru.

Nikamwambia mke wangu naunda nyingine. Akasema, "Baba Joshua, sikukatazi. Lakini siku hiyo mashine ikiniamsha nimetoka zamu, inatoka ndani ya nyumba hii na hairudi nyingine." Nikamwambia nimekubali. Tukapeana mikono kabisa, kama wauza ng'ombe.

Sasa vifaa. Mtaniuliza kwa nini sikuchukua laptop. Wakuu, laptop ya gemu ndiyo inapiga kelele kuliko zote. Feni zake ni ndogo kama visosi, zinakimbia kama zimeona nyoka.

Siri niliyoigundua ni kwamba kelele inatokana na joto. Punguza joto, feni zitatulia zenyewe. Kwa hiyo nikachagua prosesa isiyokula umeme mwingi, yenye graphics zake za kuchora picha humohumo. Ile kadi kubwa ya graphics yenye feni tatu nikaachana nayo. Mimi nacheza mpira, sirushi roketi. Ila nikaweka RAM mbili badala ya moja kubwa, maana prosesa za aina hii zinaazima RAM kwa ajili ya picha, na zikiwa mbili gemu linateleza vizuri zaidi. Hili watu wengi wanalikosea.

Juu ya prosesa nikafunga chuma kikubwa cha kupozea chenye feni pana. Feni pana ikizunguka taratibu inasukuma hewa ya kutosha na huisikii. Diski nikaweka SSD, haina kitu kinachozunguka ndani. Pawa saplai nikatafuta ile ambayo feni yake inasimama kabisa mzigo ukiwa mdogo.

Muuzaji wa Mwanza alitaka kunisukumia kesi ya kioo yenye taa za rangi kama baa. Nikamwambia mama wa nyumba amelala, taa za nini? Nikachukua ya bati nene, ndani ina sponji ya kumeza sauti. Hewa ya baridi inaingia mbele kupitia chujio, maana vumbi letu jekundu mnalijua. Ya moto inatokea juu na nyuma. Hapo kwenye juu na nyuma pakumbukeni, tutaparudia.

Na UPS! Jamani msisahau UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika inapiga milio kama imevamiwa. Nilitafuta ambayo mlio wake unazimwa.

Vifaa vikaja na basi, nikafunga mwenyewe kwa bisibisi moja na video za kwenye simu. Miguuni mwa kesi nikabandika vipande vya tyubu ya baiskeli ili meza isitetemeke. Nikawasha.

Kimya.

Nilidhani nimeunguza kitu. Kumbe inawaka, na TV ninayoitumia kama skrini, sauti nimeizima, imejaa picha. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu kama chizi.

Wiki tatu nilicheza, mke wangu amelala nyuma ya ukuta, hajawahi hata kugeuka. Akawa ananenepa. Nikampitia Deo dukani kwake makusudi, nikamsalimia kwa heshima zote.

Halafu akaja mama mkwe.

Mama mkwe ni Muhangaza wa Ngara, upande wa Benaco. Mama mpole, mchapakazi, nampenda. Mimi ni Msukuma, baba yangu alihamia Nyamahanga na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, nami nimezaliwa hapo. Na kwetu mkwe hakosolewi. Mkono humpi, unamsalimia kwa mbali umeinama, akikaa hapa wewe unatafuta pa kukaa kule. Nimeoa mbali lakini hilo sijaliacha.

Sasa mama alikuja na zawadi. Kitambaa cha kufuma, cheupe, kikubwa, kina maua pembeni, kazi ya miezi. Mnajua vile tunavyopenda kufunika vitu vya thamani: redio, TV, makochi. Nilirudi kutoka shamba nikakuta kitambaa kimefunika kompyuta yangu. Juu kimejaa, nyuma kimeshuka mpaka mezani, mbele kimeziba chujio.

Mayooo!

Mama yuko palepale sebuleni anachambua maharage, uso umejaa furaha. "Mkwe, nimekifunika chombo chako kisishike vumbi."

"Shikamoo mama. Asante sana mama."

Ningesema nini? Ningemwambia ondoa? Mkono wangu ulikataa kabisa kukigusa kile kitambaa mbele yake. Na nisipocheza kama kawaida yangu, ataona kitambaa chake ndicho kilichonizuia. Nikajidanganya, nacheza kipindi kimoja tu, haitafika popote.

Wakuu, dakika ya ishirini feni ikaanza kunong'ona. Ya thelathini inalia. Kabla sijaizima ikavuma yote kwa pamoja halafu ikajizima yenyewe kwa joto. Mlango wa chumbani ukafunguka.

Alikuwa na macho mekundu, khanga begani, na zamu nyingine jioni. Akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Tulikubaliana."

Hapo ndipo nilipobanwa. Kuelekeza kidole kwenye kitambaa ni kitendo kimoja tu, na nimepona. Lakini ni kumwaibisha mama mbele ya mwanae. Nikasema, "Ni kosa langu."

"Basi kesho inatoka." Akarudi kitandani, nikamsikia anageuka geuka, na kila akigeuka mimi roho inaniuma.

Sijui habari zilifikaje kwa Deo. Jioni akanipigia simu anacheka, anataka aje aichukue. "Si nilikwambia kaka? Zote zinavuma."

Nikamwambia hivi: sitoi. Nikarudia, sitoi! Nimeiunda kwa mikono yangu, haina kosa, na haitaingia dukani kwako hata kama nitaigeuza banda la kuku. Nikakata simu.

Kisha nikamfuata mke wangu kabla hajatoka kwenda zamu. Nikamwambia, "Nipe mchana mmoja tu. Ikivuma tena, naibeba mwenyewe kichwani mpaka stendi." Akafunga kamba za viatu. Mwisho akasema, "Mmoja."

Kesho yake sikwenda shambani. Nilikwenda kwa fundi seremala na vipimo. Akanitengenezea fremu ya mbao kama kimeza kirefu na kipana, miguu minne tu, haina ubao pembeni wala nyuma. Kompyuta ikaingia chini yake, na kati ya paa la kesi na mbao nikaacha nafasi ya kiganja kizima. Kile kitambaa nikakitandika juu kabisa, kikanyooka bila kushuka mbele wala nyuma, maua yote yanaonekana kuliko jana.

Mama mkwe alisimama akakitazama. "Mkwe, umekijengea kitambaa changu nyumba!"

"Ni cha heshima mama, hakifai kukaa chini."

Nikawasha. Saa nane mchana, mke wangu amelala chumbani. Mama akavuta kigoda chake kwa mbali kidogo, mimi nikakaa upande wangu. Akasubiri. Akasema taratibu, "Mbona imekufa?"

"Iko hai mama. Peleka mkono nyuma yake."

Akapeleka. Akausikia upepo wa joto ukitoka. Aliuacha mkono pale kwa muda, halafu akainua macho kwenye kitambaa, akarudi kwenye mkono. Sikusema chochote, namwapia kila mmoja humu, sikusema.

"Kumbe jana niliiziba pua," akasema. "Na wewe ukakubali kufukuziwa chombo chako."

Nikainamia gemu langu nikaanza kufunga magoli.

Saa kumi na moja mlango ukafunguka. Mke wangu kaamka mwenyewe, uso umetulia kama wa mtu aliyelala siku mbili. Akapita sebuleni akaniuliza, "Leo hukucheza?"

Mama mkwe akajibu kabla yangu. "Anacheza tangu saa nane. Amefunga magoli saba. Na jana haikuwa kosa lake, ilikuwa kosa langu mimi." Kisha akamweleza yote kwa Kihangaza, mimi sikuelewa hata nusu. Ila niliona mke wangu anaweka kiganja mdomoni, kisha anakuja kukaa kwenye mkono wa kochi langu, hapohapo mbele ya mama yake, mimi mkwe wa watu natafuta pa kuuficha uso.

Mashine bado ipo. Kitambaa bado kipo juu yake.

Nilichojifunza: hakuna chombo chenye lazima ya kuvuma, ukisikia kinavuma tafuta joto linakwama wapi. Na usikubali fundi yeyote akuambie jambo hili si la watu kama wewe. Mimi nina matope miguuni sasa hivi ninapoandika, na sebule yangu iko kimya.

Wenye swali la vifaa ulizeni, nitajibu nikitoka shamba. Wenye wakwe waliofunika vitu vyenu, leteni visa vyenu tusaidiane. Na wewe Deo, najua unasoma humu, karibu nyumbani uje usikilize. Ila ongea taratibu, mama Joshua amelala.