Sindano Zilizorukwa Kwenye Filamu

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati hapa Mtwara, nikamsikia nesi akimuuliza mama mmoja aliyempakata mwanawe: "Huyu si aling'atwa na mbwa? Mbona hukumrudisha kwa sindano zilizobaki?"

"Si amepona, nesi? Katika filamu ya yule mwanasayansi aliyegundua dawa ya kichaa cha mbwa, mtoto alichomwa moja tu, mara anacheza. Hata DJ anayetutafsiria kwenye kibanda cha video alisema, 'Kapona huyo, tunasonga mbele.'"

"Dada, mtoto wa kweli wa kisa hicho alichomwa siku baada ya siku. Wangezionyesha sindano zote, nani angekaa kutazama?"

Marehemu mama yangu alituambia mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Nadhani yule mama naye alishaambiwa, maana alitoa chupa ya maji, akaisogeza taratibu kinywani mwa mwanawe. Benchi zima tukainua shingo kutazama.

Mtoto akanywa, akaomba tena. Nesi hakutabasamu. "Kunywa leo si kupona. Mlete ndani."

Nyie mnaotengeneza filamu, fupisheni safari na mapenzi. Sindano tuachieni zote, hata tukisinzia.