Silinda Nane kwa Jicho Moja

Nilikwenda Homa Bay kwa sababu ya jicho la mama mkwe. Kwamba nilikwenda na gari kubwa, huo ulikuwa uamuzi wangu mwenyewe, na mke wangu Atieno alinionya mapema. Mama yake anaishi karibu na Ndhiwa. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na kufikia mwaka huu alikuwa akitofautisha mchana na usiku na si mengi zaidi. Daktari wa macho alikuwa anakuja Homa Bay Jumatatu moja tu kupasua wagonjwa, jicho moja kwa kila mtu. Atieno ni mwalimu na shule haikumpa ruhusa, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mama ikaniangukia mimi.

"Kodisha gari ndogo," aliniambia. "Elfu tatu, unaenda unarudi. Hiyo yako iache hapo nje ipendeze watu."

Hiyo yangu ni gari la petroli, lita nne na nusu, silinda nane. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Kehancha, na mwaka wa mavuno mazuri ulinipanda kichwani. Aliyeniuzia aliapa kwamba linakwenda kilomita kumi kwa lita. Labda alimaanisha kwenye mteremko, injini ikiwa imezimwa. Mimi nimelipima kwa njia ya kawaida: najaza mpaka juu, naandika kilomita, naendesha, najaza tena mpaka juu, halafu nagawanya. Halijawahi kupita tano. Ndani ya mji linashuka mpaka nne, na kwenye matope ya huku kwetu siandiki kitu kwa sababu ya afya yangu. Tairi lake moja ni bei ya ndama. Oili ikibadilishwa, fundi huita mwenzake aje kuona.

Ningemsikiliza Atieno, lakini siku nilipolipeleka ukweni mara ya kwanza nilitangaza mbele ya watu wazima kwamba gari hili halinywi mafuta, linanusa tu. Baada ya maneno kama hayo mtu anarudije pale na gari ndogo ya kukodi? Na sisi Wakuria mama mkwe tunamheshimu kwa mbali. Huli mbele yake, humshiki mkono, humwelezi shida zako. Waluo nao wana yao yanayofanana na hayo, kwa hiyo mimi niliyeoa kwao nimebanwa pande zote mbili. Yeye hajui Kikuria na Kijaluo changu ni cha kuombea maji, basi tunaongea Kiswahili, na miaka yote hiyo tumeongea habari za mvua.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka Kehancha. Mfukoni nilikuwa na elfu mbili zangu, na kifuani bahasha ya Atieno yenye elfu kumi na mbili za lenzi ambayo mama angewekewa jichoni. Tangi lilikuwa na robo na kidogo. Nilihesabu kwamba itanifikisha, na hesabu hiyo niliifanya kwa kilomita kumi kwa lita, zile za aliyeniuzia.

Migori nilipita saa kumi na mbili na nusu, barabara ikiwa bado wazi. Nitasema ukweli, kwenye lami gari hili ni raha. Unagusa pedali na malori yanarudi nyuma yenyewe. Mshale wa mafuta nao ulikuwa ukirudi nyuma, ila huo sikuutazama sana. Kufikia Rongo ulikuwa umeshuka kiasi cha kunifanya nizime redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa ikila petroli.

Ndhiwa niliingia karibu saa mbili, na taa ya manjano ya mafuta ilikuwa imewaka kilomita kadhaa nyuma. Mama alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, kitambaa kipya kichwani, uso kauelekeza upande ilikotoka sauti ya injini. Shemeji yangu Adhiambo, mke wa kaka yake Atieno, ndiye angemsindikiza.

"Ora amefika," mama alisema. Ora ndiyo mkwe kwa Kijaluo. "Nimeisikia toka barabarani. Hiyo ni gari ya mtu mzima."

Nilisimama mbali kama inavyotakiwa na kumsalimu. Nilivimba, sitaki kudanganya.

Adhiambo alizunguka gari mara moja akauliza, "Sasa hii yote iende tupu?" Kabla sijajibu, gunia la viazi vitamu la jirani lilikuwa limeingia nyuma, likafuatwa na ndizi za shangazi wa mtu fulani wa Homa Bay. Mama aliketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na Adhiambo kando yake. Jua lilikuwa limeanza kupanda, nikawasha kiyoyozi. Mama akasifu ile baridi, basi nikaiongeza.

Rodi Kopany, saa mbili na nusu hivi, ndipo nilipoharibu mambo. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikiwa nimejipanga vizuri: nitashuka, nitamnong'oneza mhudumu aweke ya elfu mbili, tutaondoka. Lakini mhudumu alikuwa kijana mchangamfu, akaja mpaka dirishani kwangu, na mama angesikia kila neno.

"Mkubwa, ya ngapi?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu mama alikuwa akimwambia Adhiambo, kwa Kiswahili, na nadhani alitumia Kiswahili ili nami nifaidi: "Sikia sasa. Wale wengine huweka ya mia tatu, kama watu wa kununua mafuta ya taa. Mkwe wangu anajaza."

"Jaza," nikasema.

Namba za ile pampu zilikimbia. Elfu tatu, elfu tano, elfu saba. Mkono wangu ulikuwa kwenye bahasha na jasho lilikuwa linanitoka ndani ya kile kiyoyozi changu. Ilipofika elfu kumi nilishuka nikamvuta yule kijana shati, taratibu, mama asisikie.

"Bado haijajaa, mkubwa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Imetosha. Isije ikamwagika."

Ilikuwa elfu kumi na moja kamili, lita sitini. Nilimpa elfu mbili zangu na elfu tisa za jicho la mama. Kutoka pale mpaka Homa Bay sikumbuki hata mti mmoja. Nakumbuka tu kwamba gari lilikwenda vizuri sana.

Homa Bay tulifika saa tatu. Tulishusha viazi na ndizi kwa wenyewe, kisha nikawapeleka mama na Adhiambo kwenye benchi la wagonjwa wa macho, nikaenda peke yangu dirisha la malipo. Mama wa pale alikuwa mpole, na upole wake ulinizidishia shida.

"Lenzi ni elfu kumi na mbili," alisema. "Saa tano nafunga orodha, baba. Asiyelipa nampa nafasi anayengoja, na daktari sijui atarudi lini."

Nilikuwa na elfu tatu. Nilimpigia Atieno, lazima niliseme hilo, maana baadaye aliniuliza. Simu ilikuwa imezimwa, alikuwa darasani. Nilirudi kusimama kando ya gari nikaona aibu, na hii haikuwa ile ya mila, ilikuwa aibu ya kawaida ya mtu aliyefanya upuuzi. Mama wa watu alikuwa amekaa pale ndani akinisifu, na jicho lake nilikuwa nimelimimina kwenye tangi.

Basi wazo likaja lenyewe: jicho la mama lilikuwa bado liko humo tangini.

Nje ya lango la hospitali kulikuwa na kituo cha boda boda. Nilimwendea mzee wao, mtu mwenye koti la ngozi aliyeitwa Odongo, nikamweleza kwamba nauza petroli, mia moja na sitini kwa lita, nafuu kuliko kituoni. Hakucheka. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akatuma mtu alete mpira mwembamba na jerikeni.

"Nani anavuta?" nikauliza.

"Mwenye mafuta," akasema Odongo.

Nilipiga magoti nyuma ya gari la silinda nane, nikiwa na suruali yangu ya kanisani, nikavuta. Mara ya kwanza haikuja. Mara ya pili ilikuja yote, na funda moja nikalimeza. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, wale vijana wakanipigapiga mgongo na mmoja wao akauliza, "Mzee, hii ni gari ama ni kisima?" Pikipiki zilipanga foleni. Huyu lita tatu, yule lita nne, mwingine akapigia simu rafiki zake. Injini zao ndogo zingekwenda na lita moja umbali ambao yangu ingehitaji lita nane au tisa, na walikuwa wakinieleza hayo kwa furaha huku nikiwa nimeshika mpira.

Saa tano kasoro dakika kumi nilikuwa nimetoa lita hamsini na sita. Nilikosa shilingi arobaini, nikazipata chini ya kiti cha dereva. Mama wa malipo alizipokea zile noti kwa ncha za vidole, akazinusa, akaandika risiti. Nikaenda kwenye benchi kuwaambia kwamba kila kitu kiko sawa.

"Ora," mama alisema, "unanuka petroli."

"Ni gari, mama."

"Gari iko nje."

Adhiambo aliangalia ukuta. Muuguzi akaita jina la mama, nikaokoka.

Jumanne asubuhi walimfungua bandeji. Usiku nilikuwa nimelala ndani ya gari, viti vyake ni vizuri kuliko kitanda, na hiyo ndiyo huduma pekee niliyowahi kuipata kwake bila kuilipia mafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni wodi ilipofunguliwa. Mama alitoka polepole, Adhiambo akiwa amemshika kiwiko. Akasimama. Akatazama bati la jengo la mbele, akatazama viatu vyake, halafu akamtazama Adhiambo usoni kwa muda mrefu akamwambia, "Umenenepa." Wote wawili wakaanza kulia. Mimi nilikwenda kutafuta funguo za gari ambazo nilikuwa nimezishika mkononi. Nilifurahi kuliko siku niliyonunua lile gari, na siku hiyo nilifurahi sana.

Saa nne tuliondoka Homa Bay. Niliendesha kama ninayebeba mayai, kiyoyozi kimezimwa, vioo vimefungwa kwa sababu nilisoma mahali kwamba upepo huongeza ulaji. Kulikuwa na joto la kuchemsha chai. Hakuna aliyelalamika mpaka tulipopita Rodi Kopany. Hapo mama akasogea mbele kidogo, katikati ya viti, na jicho lake jipya likatulia kwenye dashibodi.

"Ora, hiyo taa ya manjano inasema nini?"

Nilifikiria mambo mengi ya kusema. Nilikuwa nimechoka, na koo langu lilikuwa bado linawaka.

"Inasema mafuta yanaisha, mama."

"Si jana ulijaza?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza kuhusu bahasha, pampu, mpira, Odongo na foleni ya pikipiki. Miaka kumi na minane nimeoa kwake, sikuwahi kumwambia mambo mengi hivyo kwa mara moja. Adhiambo alijifunika leso usoni na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Mama hakucheka.

"Kwa hivyo uliogopa macho yangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na yenyewe yalikuwa hayaoni kitu."

Akaniambia nifungue vioo, tutakufa humu kwa kuheshimiana, nikavifungua.

Ndhiwa gari lilifika, lakini halikuondoka. Lilikohoa mara mbili mbele ya lango la mama, likaingia uani kwa kuteleza, likanyamaza kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Mama alishuka bila kushikwa mkono. Kisha akafanya jambo ambalo kwao na kwetu halifanywi: aliniwekea chai mezani, akakaa mbele yangu, akanitazama nikinywa. Nilikunywa yote.

Kehancha nilirudi jioni ileile, kwa boda boda mpaka Rodi na magari mengine ya watu kutoka hapo, kwa nauli niliyopewa na Adhiambo. Njiani nilikuwa na muda wa kufikiri, na yale niliyojifunza nawaandikia wenzangu mnaotazama magari ya silinda nane na kumeza mate. Kama uko peke yako, kiyoyozi kimezimwa na huna pa kuwahi, litakwenda kilomita tano kwa lita. Ukiwa na abiria, viazi na kiyoyozi, toa moja. Ukiwa na mtu unayetaka akuone mkubwa, usipige hesabu kwa kilomita kabisa, piga kwa kile kitu ulichokuwa umekiweka akiba kwa ajili ya mtu huyohuyo. Aliyeniuzia hakunidanganya peke yake. Mimi nilimsaidia, na nikaendelea na kazi hiyo hata alipokuwa ameshasahau jina langu.

Atieno alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, barabarani, ambako hakukuwa na kitu.

"Mama anaona?"

"Anaona."

"Gari iko wapi?"

"Iko kwenu, uani," nikasema. "Anaiona kila akifungua mlango."