Mama Gundi na Wakazi wa Udongo

Mlango wa mwisho kabisa wa maktaba, ukishapita vyoo na stoo ya mafagio, ndipo alipofanyia kazi fundi wa kujalidi vitabu. Watu walimwita Mama Gundi, naye hakukasirika, kwa sababu gundi ilimganda kwenye kucha, kwenye mikono ya gauni, na siku nyingine hata kwenye nyusi. Alipokea vitabu vilivyochakaa, akavifumua, akavishona upya na kuvivika majalada. Alikuwa ameshona vitabu vingi kuliko alivyosoma mtu yeyote mjini, na yeye mwenyewe hakuwa amesoma hata kimoja. Aliona fundi kusoma kitabu cha kazini ni sawa na dobi kuvaa nguo za wateja.

Kilichomponza ni mzigo uliotoka chuo cha kilimo. Yalikuja maboksi ya vitabu vya udongo, mimea, wadudu na kilimo kisichotumia dawa wala mbolea ya dukani, vyote migongo imeachana. Sasa, kitabu ukishakifumua si kitabu tena. Ni mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, na kila fungu linakulalia mapajani likisubiri sindano. Siku hiyo sindano ilisimama njiani. Ukurasa uliokuwa juu ulisema kwamba konzi moja ya udongo wenye afya ina viumbe wengi kuliko watu wote walioko duniani. Mama Gundi akaisoma sentensi hiyo, akakunja konzi yake akaitazama, akaisoma tena. Akajisemea kwamba waandishi nao kwa kutia chumvi hawajambo.

Hata hivyo, alipofika nyumbani jioni hakuingia jikoni. Alizunguka hadi uwanja wa nyuma, akachimba kwa upawa mbovu chini ya majani makavu yaliyorundikana karibu na mlango wa jikoni, akamimina udongo juu ya sinia. Kisha akatoa kioo cha kukuzia, kile anachotumia kutafutia matundu ya uzi wa zamani kwenye karatasi, akainama.

Mwanzoni aliona udongo tu. Halafu udongo ukaanza kutembea. Vidudu vyeupe, vidogo kuliko nukta ya kalamu, vilikuwa vikirukaruka kana kwamba vimeitwa mahali na vimechelewa. Kitu chenye miguu isiyohesabika kilipita juu ya jani lililooza, kikaacha sehemu ya jani hilo imegeuka wavu mwembamba ambao hata yeye, aliyezoea karatasi laini za ramani, hakuwahi kuuona. Nyuzi nyeupe za kuvu zilikuwa zimeshona chembe moja na nyingine, mshono baada ya mshono, bila fundo. Mama Gundi alijua mshono mzuri akiuona. Alishika mdomo, machozi yakamlengalenga, na hakuona haya kusema baadaye kwamba alilia kwa sababu ya sinia la udongo. Alikuwa ameishi juu ya hawa watu miaka yote akiwakanyaga kwa ndala, na hakuwahi hata kubisha hodi.

Tatizo ni kwamba uwanja ule ulikuwa umeshahukumiwa. Nyumba waliachiwa na wazazi wa mumewe, na mwenye sauti ndani yake alikuwa wifi yake mkubwa, mkunga mstaafu aliyekaa vyumba vya mbele. Wifi huyo alizalisha nusu ya mtaa, na kazi ilimfundisha kuuchukia udongo kwa dhati. Alikuwa ameona vichanga vikikakamaa kwa pepopunda kwa sababu ya kitovu kilichoguswa na uchafu, na kwake udongo na kifo vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Alitaka uwanja wote umwagiwe zege, laini, unaofagilika, unaomwagiwa maji ya dawa ukanuka usafi. Fundi mwashi alikuwa ameshaitwa akaja kupima.

Mama Gundi akaenda kumwomba. Alijieleza kuhusu konzi, kuhusu kuvu, kuhusu mshono usio na fundo. Wifi yake alimsikiliza huku akikunja shuka kwa pembe kali za hospitalini, na mwisho akakata shauri. Angempa nafasi mpaka mvua zikatike. Kama uwanja mzima ungekuwa umeota kitu cha kuliwa, ungebaki. "Lakini nikikuta kipande kimoja kimekaa upara, wifi, tusije tukalaumiana. Zege litaanzia ukutani na kuishia mlangoni kwako."

Basi Mama Gundi akapiga moyo konde. Alichosoma mchana kazini alikitenda jioni nyumbani. Hakulima kwa jembe, maana fungu moja lilisema jembe linabomoa nyumba za watu. Alitandaza majani makavu, akaweka mboji, akachanganya kunde na maboga na mchicha bila mistari, mpaka mumewe akauliza kama mbegu zilimwagika au zilipandwa. Mume huyo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ulimi. Aliwaambia majirani kwamba mkewe ameacha kumsalimia yeye siku hizi, anaanza na nyungunyungu.

Na kweli nyungunyungu walikuja. Upande wa jikoni, ukiinua matandazo, waliteleza kurudi kwenye mashimo yao wakiwa wekundu na wanene. Alisoma kwamba wanakula uchafu na kutoa chakula, kwamba vijia vyao ndivyo vinavyoingiza hewa na maji hadi kwenye mizizi, kwamba wamekuwa wakifanya hivyo tangu kabla hajazaliwa mtu wa kuwashukuru. Fungu lile lilisema pia kwamba wanapenda mabaki laini, uji uliolala, unga uliochacha. Hapo akapata wazo, na akafurahi nalo kuliko jambo lolote alilowahi kuwaza.

Gundi ya kujalidi hupikwa kwa unga wa ngano, kama uji mzito. Kila wiki humbakia masufuria ya gundi iliyochacha ambayo haishiki tena karatasi, na kila wiki alikuwa akiimwaga kwa uchungu, maana unga ni chakula. Sasa akaanza kuibeba nyumbani kwenye ndoo. Aliingilia mlango wa uani ulio upande wa ukuta, kwa hiyo akaimwagia huko, upande wa ukuta, kwa mkono mkunjufu kabisa. Aliwakaribisha wageni wake kwa sauti, wale, washibe.

Upande wa jikoni ukafunga kijani. Upande wa ukuta ukaota, ukanyong'onyea, ukakauka. Alipanda tena, ukakauka tena. Akadhani wana njaa, akaongeza gundi. Alipochimba hakukuta hata mmoja, si nyungunyungu, si vile vidudu vinavyoruka. Kioo kilimwonyesha chembe za mchanga zimekaa kimya. Mvua zilianza kupungua na upara ulikuwa pale pale, na wifi mkubwa kila asubuhi alifungua dirisha lake, akatazama, akafunga.

Jibu lilimfikia kwa njia ile ile, kwenye mapaja. Ndani ya boksi la mwisho mlikuwa na kitabu cha dawa za mashambani za zamani, na katika fungu mojawapo mlielezwa mrututu, zile punje za bluu ambazo wakulima walizinyunyizia mimea kuzuia ukungu. Kitabu kilisema mrututu hauozi wala hauendi popote. Hujilimbikiza ardhini mwaka hadi mwaka, na wa kwanza kufa au kuhama ni nyungunyungu. Mama Gundi aliinua macho polepole. Kwenye rafu, mbele ya pua yake, lilikuwepo kopo la mrututu. Kila fundi wa kujalidi hutia kidogo kwenye gundi inapochemka, ili mende na wadudu wa karatasi wasije wakala kitabu. Yeye alikuwa akitia tangu alipojifunza kazi. Mkono wake ulikuwa umeshazoea, haukuwa ukimuuliza tena.

Alikaa pale mikono imelala juu ya meza. Hakuwa amewalisha. Alikuwa amewapelekea sumu wiki baada ya wiki, kwa ndoo, huku akiwakaribisha. Aliona aibu kubwa mbele ya viumbe wasio na macho, aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya binadamu, na ilimshangaza kwamba inawezekana kumkosea nyungunyungu kiasi hicho.

Mumewe alipoelezwa, kwanza hakutania. Halafu akaleta akili ya mjini. Mvua ndiyo hiyo inakatika, fundi mwashi anakuja keshokutwa; wahamishe mboga kadhaa kutoka upande wa jikoni wazichomeke upande wa ukuta, wazimwagilie, zitasimama siku mbili. Dada yake ataona kijani, mambo yameisha. Mama Gundi akachukua upawa, akang'oa mchicha wa kwanza pamoja na udongo wake. Kwenye mizizi alining'inia nyungunyungu mmoja, nusu ndani nusu nje, akijivuta kurudi gizani. Akafikiri anakokwenda kumtia. Akaurudisha mchicha shimoni, akaushindilia kwa vidole, akaenda kubisha hodi vyumba vya mbele.

Alisema yote, gundi, mrututu, na hata ule mpango wa mchicha, ingawa mumewe, aliyemfuata, alimkonyeza mpaka jicho likachoka. Wifi yake hakumkatiza. Alipomaliza, mkunga akasema kwamba wodini nako kulikuwa na dawa waliyokuwa wakiitoa kwa nia njema, mpaka siku walipoambiwa waache. Mama Gundi alidhani hapo amesamehewa. "Lakini ahadi ni ahadi," mkunga akamalizia. "Upara upo. Fundi anakuja."

Fundi mwashi alikuja na mchanga, saruji na vijana wake, akafunga kamba kuanzia ukutani hadi mlango wa jikoni. Akaanza kuchimba upande wa jikoni ili kusawazisha, kwa sababu huko ardhi ilikuwa imeinuka. Mboga zilishang'olewa ukingoni na kuwekwa kando. Mama Gundi alisimama mlangoni, kanga ameibana kifuani.

Sepeto liliingia kirahisi mno, fundi nusura aanguke. Alipolivuta, bonge zima la udongo lilipasuka katikati, na likasimama wazi kama mkate uliokatwa, jeusi, limejaa vijia na mizizi na zile nyuzi nyeupe. Hata vijana wa fundi waliacha kuchanganya saruji. Mama Gundi alichuchumaa, maana hakuweza kujizuia, na ndani ya bonge akaona kitu asichowahi kukiona isipokuwa kwenye picha: kipunje cha njano, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye ncha huku na huku kama ndimu. Ndani yake palikuwa na kitu chekundu kinachojikunja.

Akakiweka kiganjani, akakidondoshea tone la maji, akatoa kioo. Wifi mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma yake kusimamia kazi, akauliza anatazama nini. Mama Gundi akasema ni yai la nyungunyungu, na linaanguliwa.

Mkunga alitazama viatu vyake vyeupe. Akatazama udongo. Kisha, taratibu, akishikilia bega la wifi yake kwa sababu ya magoti, akachuchumaa na kupokea kioo.

Ncha moja ya yai ilikuwa imefunguka. Uzi mwekundu, unaopitisha mwanga, ulijisukuma, ukapumzika, ukajisukuma tena. Ndani yake damu ilionekana ikipita, kidogo kidogo, kwa mapigo. Mkunga alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatikisa lile tone, akajirudisha nyuma upesi asije akalimwaga.

"Ametanguliza kichwa au miguu?" akanong'ona.

"Wifi, hana miguu."

"Basi mwache asukume mwenyewe. Usimvute."

Wakasubiri, vichwa vimegusana. Yule mdogo alitoka mwili wote, akalala ndani ya tone akiwa mzima, mwembamba kuliko uzi wa kushonea vitabu, kisha akaanza kutafuta pa kuingia. Mama Gundi akashusha kiganja mpaka ardhini. Mdogo akagusa udongo, akauonja, akazama. Mkunga aliendelea kupatazama mahali pale hata baada ya kubaki udongo mtupu, na mashavu yake yalikuwa yamelowa, naye hakuyafuta.

Fundi mwashi akakohoa. Saruji ilikuwa ikikauka, akauliza waendelee au vipi.

"Rudisha kamba yako mpaka kule penye upara, ukaishie huko," mkunga alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya wodini, bila kugeuka. "Na hao vijana wako wasikanyage upande huu. Huku kuna wazazi."