Foleni ya Mwalimu

Umoja wetu wa waongea Kiswahili wa mtaa huu wa Hillbrow, huku kusini tulikohamia, haukuanza na pande mbili. Ulianza na misiba na harusi, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, kila mtu akidhani Kiswahili cha mwenzake ndicho kibovu. Lakini mwenyekiti ni mmoja, na akishinda anachukua vyote, kuanzia kamati hadi ufunguo wa ukumbi. Basi watu wakawa waoga. Anayemwogopa huyu anajibanza kwa yule, na baada ya miaka michache tukabaki na pande mbili, Maua na Ndege, zilizoitwa hivyo kwa michoro ya vitenge vyao vya sare. Mimi fundi cherehani, nimewashonea wote. Ukimpima mtu wa Maua kiuno ukamuuliza safari hii mnataka nini, anakujibu, "Ndege wasipite." Wa Ndege naye hivyo hivyo. Jamani, watu wazima!

Mimi nilikuwa na shida yangu moja tu. Binti yangu kazaliwa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa, anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika ni Kizulu. Mama yangu yuko Kigoma, hajui hata kimoja kati ya hivyo, na kila Jumapili akipiga simu mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Nilitaka bibi na mjukuu waongee wenyewe kabla mama hajanifia.

Kulikuwa na Mrundi mmoja, mwalimu kwao, hapa analinda duka kule Mayfair. Huyo alianzisha darasa la watoto Jumamosi, pale ukumbini. Haikupita miezi mingi binti yangu akaninyang'anya simu, akamsimulia bibi yake jinsi lifti ya jengo letu ilivyokwama na yeye ndani. Maneno yote yalikwenda kombo, na mama akacheka mpaka akakohoa. Nilijifungia jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa, ukumbi ule walikuwa wameutoa Ndege, wakiwa madarakani. Kwa hiyo Maua wakaliita darasa la Ndege. Mwalimu akaona litaponzwa na ugomvi usiowahusu watoto, akatangaza kwamba atagombea mwenyewe, bila upande. Watu wakamsifu kweli. "Ndiye anayefaa," wanasema, halafu wanaongeza, "lakini hatapita." Haya bwana, asipite vipi kama ndiye anayefaa?

Kura zetu tunapiga kwa foleni. Mgombea anasimama mbele, wewe unajipanga nyuma yake, mnahesabiwa mchana kweupe. Foleni ya mwalimu ilianza ndefu, wallahi, mpaka mlangoni. Kisha watu wakaanza kuchungulia foleni za wenzao. Mmoja akaona Maua wanarefuka, akanong'ona, "Samahani mwalimu," akakimbilia Ndege. Mwingine akaona Ndege wanaongezeka, akaenda Maua. Hakuna aliyemchukia mwalimu. Walimwacha huku wanamtaka, na yeye alikuwa anawatazama wanavyoondoka.

Rafiki yangu Mkongo, msusi ninayefanya naye kazi kijiwe kimoja mjini, alikuwa kwa Ndege. Akanivuta mkono. "Mama, toka apo! Unatupotezea kura!"

"Sitoki."

"Maua wakipita utalia weye."

Maua walipita. Sisi tuliobaki nyuma ya mwalimu tulikuwa wa kujaza teksi moja, hizi za huku za abiria kumi na tano, na Ndege walishindwa kwa tofauti ya watu wachache kuliko sisi.

Jumamosi ukumbi wakapewa kwaya ya Maua. Tukaenda kumwomba mwenyekiti mpya, akatujibu kwa upole kabisa, "Mama, watu wangu nitawaambia nini, kwamba nimewapa ukumbi walionipinga?" Ndege nao wakasema tumewauza. Tulipotafuta chumba kingine, hawakuleta watoto wao, na darasa likafa. Mwalimu akachukua zamu za Jumamosi kule dukani. Rafiki yangu kahamisha kiti chake, akiniona kwenye robot, taa za barabarani, anangoja mpaka nivuke. Eish, naumia.

Najuta, na sijui hata nijutie lipi. Ningehamia Ndege na wenzangu, labda darasa lingekuwepo. Lakini wale waliomtaka mwalimu wangesimama tu pale walipokuwa, angepita yeye! Nikifika hapo hasira zinanipanda, naacha kushona.

Nimejaribu kumfundisha binti mwenyewe, tunaishia kugombana. Mama bado anapiga simu Jumapili. Zamani hata salamu hamalizi, "Nipe mjukuu wangu." Darasa lilipokufa, mtoto akawa anaamkia, anatafuta neno, linakataa kuja, ananirudishia simu. Siku hizi mama haombi tena kuongea naye. Anasema tu, "Msalimie." Na binti yangu amekaa pembeni yangu, anasikia.